Nikiwa mkali wanasimamisha kazi nikitoka, nikiwa mpole wanavunja taratibu nikiwepo. Nishike mtindo upi?

Zamu_B (Mwanza)

Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya chuo na kazi inayonilisha, na zote mbili zimenikwamisha mahali pamoja.

Mimi ni supavaiza kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, jina lake tuliache. Nilianza kama kibarua kwenye meza ya kusafisha fileti. Sangara akishachunwa ngozi anafika kwako, unaondoa mafuta, miiba na nyama nyekundu, unampanga kwenye trei. Miaka 9 nimesimama pale na gambuti mguuni na maji ya barafu vidoleni. Machi mwaka huu nikapewa zamu. Watu 34, wengi wao akina mama ambao hadi jana yake nilikuwa nakula nao mapanki ya kukaanga (mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa) sahani moja. Sasa nikikaribia meza, mazungumzo yanakatika.

Aliyenitangulia alikuwa mtu wa filimbi. Sitanii, filimbi ya refa, kamba shingoni. Mkono ukilegea, filimbi. Ukikawia msalani, filimbi. Mzigo ulitoka kwa wakati, hilo siwezi kumnyima.

Jioni nasoma stashahada ya utawala. Tumepewa swali la kujadili mitindo ya uongozi na kueleza upi unafaa zaidi mahali tunapofanya kazi. Nikasoma habari za mwanasaikolojia Kurt Lewin, kwamba kuna mtindo wa kiimla, kuna wa kidemokrasia na kuna wa kuwaachia watu wafanye wapendavyo, na kwamba wa kidemokrasia ndio uliofanya vizuri. Nikasema huu ndio wangu. Jumatatu kabla ya zamu nikawakusanya karibu na beseni za kunawia, nikauliza: tubadilishe nini?

Walifurahi mno. Wakataka mapumziko yawe ya makundi mawili badala ya wote kutoka pamoja na kugombea chai. Sawa. Wakataka visu vinolewe mara mbili kwa zamu. Sawa, tena nikaona haya, maana mimi mwenyewe nilikata na kisu butu miaka yote ile na sikufungua mdomo. Halafu mmoja akasema, na hii ya kuchovya mikono kwenye maji ya klorini kila nusu saa, kwa nini isiwe kila saa moja? Vidole vinachubuka. Makofi. Nami nikajiambia demokrasia haichagui, nikakubali.

Siku ya nne kitengo cha ubora kikapita na pamba zao za vipimo, wakafuta mikono na meza. Majibu yakaja mabaya. Mzigo wa siku nzima ukazuiwa kwenye chumba cha baridi, na mimi nikaitwa juu. Niliyoambiwa huko juu siyaandiki, humu wanasoma hadi watoto.

Nikashuka na hasira zangu, nikafungua droo, nikatoa filimbi. Wiki nzima nikapuliza. Mambo yakanyooka. Alhamisi nikapanda ofisini kujaza daftari la joto. Ile ofisi ina kioo kinachotazama ukumbini. Nikatupa jicho: visu viko chini, watu wameegemea meza wanacheka, fileti zimelala bila barafu. Shangazi (sote tunamwita hivyo, ndiye aliyenifundisha kushika kisu) alikuwa amekaa kabisa juu ya kreti. Nikatazama saa. Dakika 11. Niliposhuka nikachoma kipimajoto kwenye fileti ya juu, ikasoma nyuzi 7, na mwisho wetu ni 4.

Basi niambieni. Mwenye kujua nadharia anipe nadharia, mwenye kujua kazi anipe kazi. Insha natakiwa kuikabidhi baada ya wiki tatu, ila samaki ni wa kila siku.

Kapela

Dada, kwenye mtihani andika kidemokrasia uchukue alama zako, kazini endelea na filimbi. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wasiojua harufu ya sangara.

Halafu hayo mapanki ya kukaanga yanapatikana upande gani?

Mwl_wa_Jioni

Zamu B, bila kujua umerudia jaribio lenyewe. Lewin, pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha mwaka 1939 matokeo ya vilabu vya wavulana wa miaka kama 10 huko Iowa, Marekani. Watoto walikutana baada ya masomo, wakatengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono, na mitindo ya viongozi wao ikabadilishwa. Lewin mwenyewe alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, kwa hiyo habari ya imla hakuisoma kwenye magazeti tu. Sasa sikiliza: watafiti walipanga kiongozi atoke chumbani kwa makusudi, ili waone kitakachotokea. Chini ya mkali, watoto walichapa kazi akiwepo, na alipotoka kazi ikaporomoka. Chini ya yule wa kidemokrasia, kutoka kwake hakukubadilisha mengi. Dakika zako 11 ziko mle ndani.

Ila wanaofupisha jaribio lile huacha kitu. Kinyago kikipinda, hakuna anayeharisha. Watoto wale hawakuwa na mnunuzi anayepima bakteria. Waulize wakubwa wa Mwanza mwaka 1999 ulikuwaje, Ulaya iliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Kwenye kuchovya mikono, kura yako haikuwa na kitu cha kupigiwa. Saa za kuchovya hazikuwa mali yako uzigawe.

Kwa hiyo kwenye insha yako mtafute Tannenbaum na Schmidt, mwaka 1958. Hao hawakugawa viongozi mafungu matatu kama Lewin. Walichora mstari mmoja: mwanzoni meneja anaamua na kutangaza, mwishoni kundi linaamua lenyewe ndani ya mipaka iliyowekwa, na katikati kuna vituo kadhaa. Wanafunzi wangu hukariri vituo wakaacha lile nililolipenda mimi, kwamba meneja awe mkweli kuhusu kituo alichosimama. Ukishaamua, sema umeamua. Usiwaulize watu maoni ya jambo lililokwisha, na usiwape jambo ambalo wewe mwenyewe hukupewa.

Mweke pia Douglas McGregor, 1960. Alisema kuna mameneja wanaoamini mtu kwa asili ni mvivu, lazima asukumwe (akaiita nadharia X), na wanaoamini mtu akipewa jukumu hulibeba (Y). Ukishamchukulia mtu kuwa mvivu, unamwekea filimbi, naye akishawekewa filimbi hufanya kazi kwa ajili ya filimbi. Ikinyamaza, naye anapumzika. Kisha unasema, si niliwaambia ni wavivu?

Hersey na Blanchard wa mwaka 1969 utawakuta kila mahali: kuagiza, kushawishi, kushirikisha, kukabidhi, kufuatana na mtu alivyokomaa katika kazi ile. Ni nadharia nyepesi kufundisha, ndiyo maana wakufunzi wa semina wanaipenda hivyo. Ushahidi wake wa utafiti si imara, na ukilisema hilo kwenye insha utapata alama ambazo wenzako hawatazipata.

Mzee_Mfumaji

Binti yangu hujambo. Mimi nina miaka 75, mjukuu ndiye anayeniandikia humu, kwa hiyo ukiona kosa la herufi mlaumu yeye.

Nilianza kazi mwaka 1970 kwenye kiwanda cha nguo Dar es Salaam, idara ya kufuma. Zile mashine zilikuwa na kelele mpaka tulizoea kuzungumza kwa midomo na vidole, sauti ilikuwa kazi bure. Nyapara wetu alikuwa na kifimbo. Hakumpiga mtu nacho, alikuwa anagonga chuma karibu na sikio lako. Uzi ukikatika mashine inasimama, na yeye anasimama nyuma yako mpaka uuunge.

Mwaka huohuo ukatoka waraka wa Rais wa kuunda halmashauri za wafanyakazi. Nikachaguliwa kuwakilisha idara, kijana mbichi. Kikao cha kwanza tukakuta chai, maandazi na ajenda. Ajenda ya nne ilikuwa malengo ya uzalishaji. Nikanyoosha mkono, nikauliza, hapa tunajadili au tunaarifiwa? Meneja akasema mnajadili, ndugu. Tukajadili saa mbili nzima, tena kwa moyo. Tunatoka, naona kwenye ubao wa matangazo karatasi ya malengo yaleyale, imepigwa chapa vizuri, na tarehe yake ni ya wiki iliyopita.

Sikwenda kikao cha pili kwa moyo uleule. Nilikwenda kwa maandazi.

Mwaka 1971 TANU, chama kilichotawala wakati ule, ikatoa tamko lililoitwa Mwongozo. Kifungu cha 15 tulikijua hata tusiojua kusoma vizuri. Kilimkataza kiongozi majivuno, ufujaji, kudharau watu na kuwaonea. Viwanda vingine wafanyakazi walifika hadi kuwafungia mameneja nje ya geti. Kwetu hatukufika huko. Kwetu siku moja nyapara alimwita mama mmoja mjinga, mbele ya watu. Yule mama akazima mashine, akasema "kifungu cha 15". Hakuongeza neno. Jirani yake akazima. Akafuata wa tatu. Ikaenda hivyo mstari kwa mstari hadi ukumbi mzima ukanyamaza, na nikasikia viatu vyangu mwenyewe kwenye sakafu ile kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nyapara akabaki na kifimbo chake, hana cha kugonga.

Aliyekuja baada yake alikuwa fundi kutoka Tanga, mtu mfupi, maneno machache. Wiki ya kwanza anaingia asubuhi, anasimama kidogo hapa, kidogo pale, anaondoka. Tukasema tumeletewa mvivu. Baadaye ndipo tukagundua alikuwa anasikiliza. Mashine iliyomsumbua sikio asubuhi, mchana anarudi kwayo na spana. Sheria ambayo hakuijadili ilikuwa moja tu: usitie mkono mashine ikiwa inatembea. Ukitia, siku hiyo unalala kwako mapema, bila malipo. Alimrudisha hadi shemeji yake, tukaona kwa macho. Mengine yote, nani akae mashine ipi, nani apumzike lini, alisema ni yenu, mkishindwa kuelewana ndipo mnitafute. Nilifanya naye miaka 6. Mwalimu hapo juu ataniambia huyo ni wa mtindo wa kuachia, ambao vitabu vinauponda. Mimi sijaona bora kuliko yeye.

Nikuambie na la Shangazi wako. Mtu aliyekufundisha kisu anajua kile kioo kipo, kakijua kabla yako. Akikaa juu ya kreti mbele ya kioo, anakuambia neno. Mwendee nyumbani kwake, si kazini. Na usiende mikono mitupu.

Mwl_wa_Jioni

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa adabu: fundi wa Tanga hakuachia, alikabidhi. Wa kuachia harudi mchana na spana. Tena katika utafiti ule wa Iowa mtindo huu wa tatu haukuwa kwenye mpango tangu mwanzo, inasimuliwa kwamba mmoja wa viongozi alikusudia kuwa wa kidemokrasia akajikuta amelegeza kila kitu, na Lewin akaona hicho ni kitu kingine kabisa. Watoto wale walizurura tu, kazi ikawa kidogo. Fundi wako alikuwa na sheria moja isiyopinda, sikio la kujua mambo yanaendaje, na mlango wa kumfikia mkikwama.

Mzee_Mfumaji

Marahaba mwanangu. Ita utakavyo. Sisi tulimwita Fundi.

Muuguzi_Kilifi

Hamjambo nyote. Mimi si wa samaki wala nguo, nasimamia wodi ya wazazi huku pwani ya Kenya. Nimesoma nikacheka peke yangu kwenye zamu ya usiku, kwa sababu mitindo yote hiyo mimi naitumia kwa saa moja.

Mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, sina kikao. Namwita mtu kwa jina: wewe weka dripu, wewe kimbia benki ya damu, wewe kanda tumbo usiache mpaka nikwambie. Hakuna aliyewahi kuninunia kwa sababu ya hapo. Damu ikikata, mama akatulia, kila mmoja akanawa, ndiyo nauliza: tumechelewa wapi? Hapo hata mwanafunzi wa juzi anasema. Mwezi jana mwanafunzi ndiye aliyetuonyesha kwamba sanduku la dharura limewekwa nyuma ya mlango ambao ukifunguka unalifunika.

Ratiba ya zamu nimewaachia wao wenyewe. Mwezi wa kwanza ilinichoma: Jumamosi usiku ikabaki na mtu mmoja, wengine wote wana harusi. Sikuwanyang'anya. Niliandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, "Watatu kila usiku", nikawaambia chini ya mstari huu panganeni mtakavyo. Wanagombana, lakini wanagombana wao kwa wao, na usiku una watu watatu.

Ila dada, kuna kitu naona wote mmekiruka. Waliposema vidole vinachubuka, uliwatazama vidole? Mkono wa muuguzi naujua, dawa inatumaliza ngozi. Mtu hakatai kunawa, anakataa kuumia. Umeulizia hayo maji yanachanganywa na nani, kwa kipimo gani? Na mafuta ya kupaka mkitoka zamu yapo?

Zamu_B (Mwanza)

Nimekaa kimya siku 16, samahanini. Shikamoo mzee, na wengine nawasalimu wote.

Nimeanza na swali la Muuguzi, maana liliniuma. Nilikwenda kumtazama kijana anayechanganya klorini saa kumi na moja alfajiri, kabla zamu haijaingia. Ana kikombe cha plastiki cha chai, mkono wake umekatika. Anachota, anamimina, ananusa, anaongeza. Nikamuuliza kipimo nani alimfundisha, akasema aliyekuwepo kabla yake. Kitengo cha ubora wakaleta vile vikaratasi vyao vya kubadilika rangi, wakachovya kwenye beseni la meza ya tatu: imepita kiwango zaidi ya mara mbili. Meza ya tatu ndiyo ile aliyokaa aliyesema vidole vinachubuka. Miaka 9 nilichovya mikono humo, nikarudi nyumbani nikajipaka mafuta ya nazi, nikadhani ndivyo kazi ilivyo.

Sasa kuna kikombe chenye alama, kimefungwa kwa mnyororo kama kalamu ya benki. Mafuta ya mikono bado, stoo wananizungusha.

Kwa Shangazi nilikwenda Jumapili na sukari kilo mbili na majani ya chai. Alinikaribisha kama mgeni, kitu ambacho kiliniuma kuliko kununiwa. Tumekunywa chai ndipo akasema: "Nilikaa pale ili unione." Nikamwambia nilikuona. Akasema yule wa kabla yako alinipulizia filimbi siku niliyorudi kutoka kumzika mdogo wangu, nilikuwa nimesimama tu nimesahau mkono. Halafu wewe, niliyekushika kidole nikakuonyesha mwiba uko wapi, ukaitoa filimbi ileile kwenye droo. Ileile, wala hukununua yako. Sikuwa na jibu. Nilimuomba radhi, akaniongezea chai.

Jumatatu niliwakusanya tena. Safari hii nilianza na mstari mwekundu wa Muuguzi: kuchovya kila nusu saa, barafu juu ya fileti wakati wote, kisu hakitoki na mtu. Hayo matatu sikuwauliza, nikasema wazi kwamba siwaulizi na kwa nini. Chini ya hapo nikawaachia: mapumziko, nani akae na nani, nani anoe. Mmoja akauliza, na radio je? Nikasema radio ni yenu. Hilo najuta kidogo, sasa nasikia taarabu saa 8 mfululizo.

Yaliyoharibika nayo yapo, nisiwafiche. Kundi la pili la mapumziko linakuta chai imepoa, na wameanza kununiana na la kwanza. Mabinti wawili wa meza ya mwisho nikitoka bado wanasimama, hao sidhani ni filimbi, nadhani ni simu. Mmoja nimemwandikia onyo. Na meneja aliniuliza filimbi iko wapi, nikamwambia imeharibika, kitu ambacho si kweli, iko ndani ya begi langu hapa ninapoandika.

Juzi nilipanda tena kujaza daftari la joto. Nilisimama kwenye kioo makusudi. Visu vinakwenda. Shangazi aliinua kichwa, akanitazama moja kwa moja, akachukua koleo la barafu akamwagia trei ya jirani yake ambaye alikuwa anacheka na mtu. Nilishuka nikachoma kipimajoto. Nyuzi 3.

Mwalimu, insha imefika kurasa 14 na mwisho tulioambiwa ni 8. Tannenbaum na Schmidt siwezi kuwaondoa, McGregor naye nampenda. Nimfukuze Hersey au nimpunguze? Na je, naruhusiwa kuweka habari ya kikombe, au watasema si nadharia?

Kapela, nenda Mwaloni pale Kirumba, uliza akina mama wa mapanki. Nenda mapema, saa tano yanakuwa yameisha.